Mama mkwe anataka sigiri chumbani, na jiko la bomba linatuamsha na kichwa

Asalaam aleikum Mzee,

Naomba unisaidie maana humu ndani kwetu saa hii kuna baridi na kuna maneno, vyote viwili kwa pamoja.

Mi ni Mnubi, nimezaliwa Bombo, nikaolewa huku Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Kwetu Bombo ukiwa na shuka moja umemaliza usiku, lakini huku mwezi wa sita na wa saba usiku unatoa moshi mdomoni ukiwa ndani ya nyumba yako. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, juu mabati, dari ni ya mikeka ya mafunjo. Imejengwa kwa kukata mlima, yaani nyuma kuna ukuta wa udongo na juu yake mikaratusi, mbele ndio bonde. Saa moja jioni baridi inashuka toka juu unaisikia kabisa kwenye miguu.

Sasa baada ya kujifungua nililia sana na hiyo baridi, mume wangu akaenda kwa welda mmoja mjini akamtengenezea jiko la chuma la kukaa sebuleni. Lina mlango wa juu wa kutia makaa, mlango mdogo wa chini wa kutoa majivu, na tundu la moshi la inchi 5. Bomba lenyewe ni la inchi 3 kwa sababu ndilo lililokuwepo na bei yake ilikuwa rahisi, linatoka nyuma ya jiko, linapita ukutani, likifika nje linakata kona linapanda juu kidogo linaishia chini ya bati pale pembeni, juu kumewekwa kofia ya mvua. Ndani ya bomba kuna dampa, kile kibao cha chuma chenye mkono wa kuzungusha. Fundi akatuambia usiku moto ukishashika mfunge dampa yote ili joto lisikimbie.

Shida ni hizi. Ya kwanza, kuliwasha ni vita, moshi unarudi sebuleni mpaka macho yanatoka machozi, hasa jioni. Ya pili linakula makaa kama lori, na unajua tangu mwaka 2023 serikali izuie makaa ya biashara kutoka kule kaskazini bei imepanda na haijarudi. Tukiacha milango wazi linawaka jekundu mpaka bomba linanuka, halafu ndani ya muda mfupi makaa yameisha na chumba kimerudi baridi. Tukifunga dampa kama fundi alivyosema linadumu, lakini asubuhi tunaamka na kichwa, mimi na mume wangu, na mtoto anakuwa mlegevu hataki kunyonya vizuri. Tumeenda kliniki wakapima malaria, hamna. Mchana nikishuka shambani kichwa kinaisha chenyewe. Kuna siku makaa yaliisha tukalala bila moto na asubuhi tukaamka wazima kabisa, mume wangu anasema ni bahati tu, kwamba kichwa ni cha baridi. Na ile mianya ya ventileta juu ya madirisha nimeziba yote kwa magazeti maana upepo ulikuwa unaingia huko.

Sasa mama mkwe amekuja kukaa na sisi amwone mjukuu. Ni mama mzuri, simsemi vibaya, lakini amelitazama hilo jiko akasema ni kazi bure, yeye anataka sigiri, lile jiko dogo la makaa lisilo na bomba, iingizwe chumbani kwake usiku makaa yakishakuwa mekundu yasiyo na moshi, ati wao wamekua hivyo na watoto wote wako hai. Mi naogopa kumkatalia mama wa mume wangu, na naogopa kumkubalia.

Halafu kuna shemeji yangu dereva wa lori, anapita Mutukula mpakani, anasema anaweza kutupatia makaa ya mawe ya Tanzania, yanawaka usiku kucha, tuachane na haya ya miti.

Mzee niambie: hilo jiko lina ugonjwa gani, dampa tufunge kiasi gani, makaa ya mawe tuchukue au tuache, na huyu mama nimwambieje.

Mke wa mlimani, Kabale

*

Waaleikum salaam binti yangu,

Kabla hujasoma zaidi, inuka ukafungue hiyo dampa yote, kisha uchomoe magazeti kwenye ventileta za sebuleni na za chumba mnacholala. Leo hii hii, hata kama moto haujawashwa. Habari ya kuokoa makaa itangoja.

Kichwa cha asubuhi kinachoisha ukishuka shambani, watu wawili wanaumwa pamoja, mtoto analegea, na usiku mmoja bila moto wote mnaamka wazima, hiyo si baridi ya Kabale na si bahati. Hiyo ni hewa ya makaa, ile wanaiita kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, ndio maana mnalala nayo. Ikiingia mapafuni inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika, kwa hiyo hata ikiwa kidogo tu chumbani usiku mzima inakusanyika mwilini. Kwanza kichwa, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, akili inapotea, na mtu aliyelala hapati nafasi ya kustuka, anapitiliza usingizini. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko nyie kwa hiyo yeye inampata mapema.

Mpeleke mtoto hospitali, na nyie mwende pia, na muwaambie wazi kwamba mnalala na moto wa makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, muombe damu ipimwe kwa ajili ya hiyo hewa. Nasisitiza kusema kwa sababu kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kinadanganywa na hii hewa, kinaweza kuonyesha namba nzuri kabisa wakati mtu ana sumu kwenye damu. Na ikitokea siku yoyote mtu hainuki vizuri, usianze kutafuta maji wala maziwa, mtoe nje kwenye upepo kwanza halafu muite msaada.

Sasa jiko.

Fundi wako amewapa ushauri wa hatari kuhusu dampa na nataka uelewe ni kwa nini, ili kesho mtu mwingine asije akakwambia tena. Bomba la moshi linafanya kazi kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi ya nje, inapanda, na ikipanda inavuta hewa mpya kuingia kwenye makaa kwa chini. Huo ndio mvuto wa bomba. Ukiufunga kule juu, makaa hayazimiki, yanaendelea kuwaka lakini yana njaa ya hewa, na makaa yenye njaa ya hewa ndiyo yanatoa hiyo sumu kwa wingi, na kwa vile njia ya juu imefungwa inatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni kwenye nyufa za milango ya jiko kuja sebuleni. Kwa hiyo moto wa makaa unatawaliwa chini, kwenye mlango wa majivu, pale hewa inapoingilia. Ukipunguza pale chini, moto unapungua na bado kila kinachotoka kinapanda bombani kwenda nje. Ushike mkono wa mlango wa chini, usahau mkono wa dampa.

Dampa yenyewe ama itolewe kabisa, ama welda aikate kipande, robo nzima ya kibao itoke, ili hata mtu akiizungusha yote bado kuna njia. Mi ningeitoa.

Kuhusu kula makaa, tatizo lako ni kwamba mnaishi na hali mbili tu, wazi kabisa au kufunga kabisa. Mlango wa chini ukiwa wazi wote, hewa inaingia nyingi kupita, moto unakuwa mkali, na joto kubwa linapita mbio kwenda kuwapasha ndege huko nje. Fanya hivi. Washa mlango wa chini ukiwa wazi, ungoje makaa yashike, kama dakika 15 au 20. Kisha ufunge mlango wa chini ubaki nusu, ungoje dakika 10 uone, halafu robo, ungoje tena. Usikimbilie, chuma kinachukua muda kuitika na ukikorogakoroga kila dakika hutajua kipi kimefanya nini. Unachotafuta ni makaa yenye rangi ya machungwa na vimiali vidogo vya bluu vinacheza juu yake. Vile vya bluu ni ile ile hewa ya sumu inaungulia ndani ya jiko badala ya kuja kwenu, ni ishara nzuri sana, na ndio maana mlango wa juu uwe na kitundu kidogo cha kuingiza hewa kidogo juu ya makaa. Ukiona makaa mekundu yamefifia meusi meusi na bluu hakuna, umefunga mno. Ukikuta mahali hapo pa kati, weka alama kwa chaki au kwa msumari kwenye mlango, kesho unarudi hapo hapo.

Lakini yote hayo hayafanyi kazi kama jiko linavuta hewa kwenye nyufa. Chukua karatasi, ifungie mlangoni, halafu ivute. Ikitoka kirahisi bila kushikwa, mlango haukazi, hewa inaingia hata ukifunga na moto utakuwa unajiendesha wenyewe. Jaribu pande zote nne. Welda anyooshe mlango na bawaba zake, na nyufa zisizofunguka, pale bomba linapoungana na jiko, zibe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Makaa yatie ya kutosha, rundo lenye kina na si tandiko jembamba, maana makaa machache yaliyotawanyika yanapitisha hewa bure katikati. Na majivu yasijae mpaka kugusa wavu wa chuma, yakifika hapo hewa haipiti na wavu wenyewe unaungua unapinda. Yatoe, yaweke kwenye debe la chuma lenye kifuniko, debe likae nje kabisa, siyo jikoni wala varandani, maana majivu yenye vipande vyekundu bado yanatoa hewa ile ile.

Sasa bomba, na hapa ndipo moshi unaporudi.

Tundu la jiko ni inchi 5 na bomba ni inchi 3. Piga hesabu ya nafasi siyo ya upana, 3 mara 3 ni 9, 5 mara 5 ni 25, kwa hiyo njia ya moshi imebaki kama theluthi moja tu ya ile jiko linayotaka. Hiyo peke yake inatosha kurudisha moshi. Bomba lisiwe dogo kuliko tundu la jiko, toka mwanzo mpaka mwisho.

Halafu urefu. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya huko juu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo bomba lile lile linalovuta vizuri Mombasa huko kwenu linavuta kidogo. Ulivyonieleza, bomba lako halifiki hata mita 3 toka juu ya jiko. Nimepiga hesabu, mita 3 na moshi wa nyuzi 120 na nje nyuzi 10, kwa hewa ya Kabale, unapata mvuto wa kama paskali 8 (paskali ni kipimo cha msukumo wa hewa), na hapo sijatoa zinazoliwa na kona na hilo bomba jembamba. Ukipandisha kufika mita 5 unapata kama 13. Wanaotumia majiko ya makaa ya nyumbani kule Marekani wanataka mvuto wa kama paskali 10 hadi 15, sasa unaona wewe uko chini ya mstari kabla hujawasha kiberiti.

Na pale linapoishia, chini ya bati, ndio pabaya zaidi. Nyumba yako imekaa kwenye mkato wa mlima, jioni hewa baridi inashuka toka juu kwenye ile mikaratusi inagonga paa na kujikunja nyuma ya nyumba, na mdomo wa bomba uko hapo hapo kwenye mkunjo. Kwa hiyo upepo unausukuma moshi kurudi. Ndio maana umesema hasa jioni. Kipimo ambacho mafundi wengi duniani wanafuata ni kwamba mdomo wa bomba uwe futi 3 juu ya pale lilipotokea kwenye paa, na uwe futi 2 juu zaidi ya kitu chochote kilicho ndani ya futi 10 kando yake, iwe ni kipeo cha paa au ni huo ukuta wa udongo nyuma ya nyumba. Kofia ya mvua iinuliwe, kati ya mdomo na kofia pawe na nafasi isiyopungua upana wa bomba lenyewe, wengi wanaibana mpaka inakuwa dampa nyingine.

Mi ningekushauri msiongeze tu kipande pale nje. Bomba linalopanda nje kwenye baridi linapoa, na likipoa mvuto unakufa. Sogezeni jiko kwenye ukuta wa ndani, ule unaotenganisha sebule na chumba, bomba lipande wima ndani ya sebule litoke juu ya paa. Ile kona ya nje inapotea, bomba linabaki na moto, na ile sehemu ya bomba iliyo ndani inawapa joto ambalo sasa mnawapa kuku wa nje. Lakini, na hii lakini ni kubwa, dari yako ni ya mafunjo. Mafunjo makavu yanashika moto haraka sana. Bomba la chuma la ukuta mmoja likae inchi 18 mbali na mbao, mafunjo au kitu chochote kinachoungua, kila upande. Pale linapopita darini kata tundu pana, mzungushe bati, na kuanzia hapo mpaka juu ya paa liwe bomba ndani ya bomba, katikati mjaze kitu kisichoungua. Na msitumie bomba la mabati ya kung'aa karibu na jiko, lile likipata moto mkali zinki yake inatoa moshi mbaya kwa kifua. Kipande cha kwanza juu ya jiko kiwe chuma cheusi kinene. Ile harufu unayoisikia bomba likiwaka jekundu inanitia wasiwasi kuhusu hilo pia.

Mpaka hapo mtakapopata pesa ya bomba, wakati wa kuwasha fungua ventileta na dirisha kidogo, tia gazeti moja lililokunjwa pale juu karibu na tundu la bomba uliwashe peke yake kwanza, lile bomba baridi lipate moto na hewa nzito iliyokaa ndani yake isukumwe nje. Wewe ni Mnubi, udi nyumbani haukosekani. Washa kijiti cha udi ukishike mbele ya mlango wa jiko uliofunguliwa kidogo. Moshi wa udi ukiinama kuingia ndani ya jiko, mvuto upo, tia makaa. Ukisimama wima au ukija usoni kwako, usitie makaa, hiyo jioni acheni moto. Kijiti hicho hicho kipitishe kwenye nyufa za milango moto ukiwa unawaka, kitakuonyesha panapovuja.

Na ventileta zisizibwe tena chumba chenye jiko. Najua upepo unauma. Lakini jiko linatoa hewa nje kwa bomba na lazima hewa ya kujaza nafasi iingie mahali, ukiziba kila mwanya itaingilia kwenye bomba lenyewe, yaani bomba linageuka linapuliza ndani. Kama upepo wa juu unawasumbua, toboeni tundu la ukubwa wa ngumi ukutani karibu na miguu ya jiko, liwekewe waya wa kuzuia panya, hewa inaingia moja kwa moja kwenye moto bila kupita migongoni mwenu.

Kuhusu usiku nitasema waziwazi. Msitie makaa halafu mkaenda kulala. Makaa ya mwisho yaingie kama masaa mawili kabla ya kulala, na mlale moto ukiwa umekwisha. Watu wanaogopa moto mkubwa, lakini kwa hewa hii hatari kubwa iko mwishoni, makaa yanapokuwa yamefifia chini ya majivu, bomba limepoa halivuti tena, na yenyewe bado yanatoa sumu. Kuna vifaa vya kulia kengele vikigundua hewa hii, vinatumia betri, ukipata mtu anayekwenda Kampala mwambie aulize kwa wauzaji wa vifaa vya kuzimia moto, na asiletewe kile cha moshi, aseme wazi ni cha kaboni monoksaidi. Kikae chumba mnacholala. Kwa nyumba yenye mtoto mchanga mi ningekinunua hata kabla ya bomba jipya.

Makaa ya mawe ya shemeji, mwambie asante lakini hapana. Mengi ya Tanzania yanachimbwa Ngaka kule Ruvuma, na viwanda vya simenti huyanunua. Kule Pennsylvania watu wanapasha nyumba kwa makaa ya mawe vizuri tu, ila yao ni yale magumu yanayoitwa antrasaiti yenye moshi mdogo sana, majiko yao ni ya chuma kinene chenye matofali ya moto ndani, na bombani wana kilango chenye uzito kinachojifungua chenyewe mvuto ukizidi ili ubaki pale pale. Haya ya Ngaka ni ya aina nyingine, ukiyatia juu ya moto yanatoa gesi nyingi kwa ghafla, gesi ikikosa miali ya kuiunguza inajikusanya halafu inalipuka kidogo na kufungua mlango wa jiko. Yanaungua kwa joto ambalo jiko lenu la bati la welda halitavumilia, na salfa yake itakula bomba jembamba kama lenu. Hata yangekuwa ya bure mi nisingeyaingiza.

Nimekuja kwa mama sasa. Usimwambie kwamba aliwalea watoto wake vibaya, maana siyo kweli na itaumiza. Nyumba aliyokulia yeye ilikuwa ya nyasi, moto katikati, na nyasi zinapumua, moshi unapenya paa lote unatoka, na mlango haukuwa wa kukaza. Sigiri ile ile ukiiweka ndani ya nyumba ya matofali na plasta, dirisha la vioo na ventileta zenye magazeti, ni kitu kingine kabisa. Na makaa mekundu yasiyo na moshi anayoyaona ni salama, kumbe moshi ndio ungemwamsha, hayo mekundu hayamwamshi mtu. Watu wanaokutwa wamekufa chumbani na sigiri mara nyingi walikuwa wameyangoja yawe mekundu kwanza. Hilo jambo mume wako ndiye alianzishe, ni mama yake, akae naye mchana amweleze taratibu, wewe ukae pembeni na mtoto. Na asiende kumkataza mikono mitupu. Juu ya jiko pawe na birika muda wote wa jioni, maji ya moto yatiwe kwenye chupa ngumu au jerikani ndogo inayofunga vizuri, izungushiwe kitambaa, iwekwe miguuni kwake chini ya blanketi nusu saa kabla hajalala. Akitaka kitu cha kunywa mpashe obushera, ule uji wa mtama, uwe moto. Na jiko likishahamia kwenye ule ukuta wa ndani, mpeni yeye chumba cha upande wa pili wa ukuta huo, matofali yakishika moto jioni yanakaa na joto muda mrefu hata baada ya makaa kuisha.

Welda akija, mwonyeshe hii barua, tundu inchi 5 bomba inchi 5, mita 5 kwenda juu, inchi 18 mbali na mafunjo, dampa itoke. Akikwambia bila dampa joto litakimbia, mwambie akaze mlango wa chini.